Yai Jipya na Ndoo ya Maji: Uchambuzi wa Suala la Kuosha Mayai katika Mashamba Madogo

Miongoni mwa mambo yanayowatia shaka wafugaji wadogo wa kuku wa mayai katika zama hizi, ni machache yaliyozua mabishano mengi kuliko hili la kuosha au kutoosha yai kabla ya kulipeleka sokoni. Mfugaji mwenye kuku mia mbili au mia tatu nyuma ya nyumba yake, awe Kibaha, Kiambu au Wakiso, huona picha za wakulima wa Marekani waliochukua ndoo ya lita 20, wakaitia bomba la plastiki lililotobolewa matundu, wakaliunganisha na pampu ya hewa, na mayai yaliyoingia yakiwa yametapakaa kinyesi yakatoka safi. Naye, akitamani kuufuata mfano huo, huambiwa na mwenzake aliyesoma habari za Ulaya kwamba huko yai likishaoshwa haliruhusiwi kuuzwa katika daraja la kwanza. Pande zote mbili zina wataalamu, maabara na sheria, basi vipi zikahitilafiana juu ya jambo lililo dhahiri namna hii? Ukichunguza utaona kwamba zote zimelijua yai kwa ujuzi ule ule, na hitilafu yao imeanzia katika safari inayolingoja yai hilo tangu kiotani hadi kikaangoni. Asiyeizingatia safari hiyo, hata akiunda chombo bora namna gani, hatapata jawabu la haki.

Ngao za Yai

Yai hukaa katika mwili wa kuku takriban saa 25 tangu kiini kitoke katika mfuko wake hadi litagwe, na saa 20 hivi za muda huo hupita katika kufanyizwa ganda. Ganda lenyewe, ambalo unene wake haufiki nusu milimita, ni la chokaa, nalo lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa jicho, vilivyowekwa ili kifaranga apate kuvuta hewa. Juu ya ganda hilo, katika muda wa mwisho kabla ya kutaga, kuku hupaka utando mwembamba wa protini, ambao ukikauka huziba vinywa vya vitundu vile. Chini ya ganda mna tando mbili nyingine, na baada ya hizo upo ute, ambao si maji matupu kama unavyodhaniwa, kwa maana una kimeng'enya kiitwacho lisozimu kiwezacho kupasua kuta za baadhi ya bakteria, na una protini nyingine inayoyakamata madini ya chuma na kuyazuia yasiwafikie bakteria, ambao wakikosa chuma huzaana kwa shida.

Walakini ngao hizi zina saa yao ya udhaifu. Kuku ana joto la nyuzi 41 hivi za Sentigredi, na yai linapotoka hali lina joto hilo huanza kupoa mara moja. Vilivyomo hunywea, na hewa ikavutwa ndani kupitia vitundu, ndipo kikapatikana kile chumba cha hewa tukionacho upande wa butu tukilimenya yai lililochemshwa. Ikiwa katika muda huo ganda limelowa na limechafuka, hewa haiingii peke yake. Mwaka 1940 wataalamu wawili wa Uingereza, Haines na Moran, waliyathibitisha hayo kwa majaribio: walipoyatia mayai yenye joto katika maji baridi yaliyokuwa na bakteria, bakteria hao walipenya ganda na kuingia. Katika habari yote ya kuosha mayai hapana kanuni iliyo kubwa kuliko hii, kwamba yai likipozwa likiwa majini hunywa maji hayo. Na sehemu kubwa ya makosa ya vyombo vya kujitengenezea, kama tutakavyoona, hutokana na kuisahau.

Yafaa pia kukumbuka kwamba si kila uchafu uko nje. Ile aina ya bakteria wa Salmonela iitwayo Enteritidis huweza kukaa katika viungo vya uzazi vya kuku na kuingia yaini kabla ganda halijafanyizwa. Yai la namna hiyo laweza kung'aa, lisiwe na doa, na likaoshwa mara kumi, bila ya kupungukiwa na madhara yake hata kidogo.

Marekani na Ulaya

Nchini Marekani, kiwanda kinachotaka mayai yake yapewe alama ya daraja ya wizara ya kilimo hakina hiari: lazima yaoshwe. Lakini sharti hilo halikuja peke yake. Maji yawe na joto lisilopungua nyuzi 32, na zaidi ya hayo yalizidi yai lenye joto kuliko mengine kwa nyuzi 11. Yabadilishwe kila baada ya saa 4 au mapema zaidi yakichafuka. Yasiwe na madini ya chuma yaliyozidi sehemu 2 katika milioni. Mayai yasiachwe kulowama. Yasuuzwe kwa maji mengine yenye joto zaidi na dawa ya kuua vijidudu. Yakaushwe, kisha yaingizwe baridini. Kanuni ya mwaka 2009 ya mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo inawataka wenye kuku 3,000 na zaidi wayaweke mayai katika nyuzi 7 hivi kabla ya kupita saa 36 tangu kutagwa, na baridi hiyo hufuatana na yai katika gari, katika ghala na dukani, mpaka ndani ya jokofu la mnunuzi. Kwa hiyo Mmarekani huivua ngao ya utando kwa kuosha, kisha akaweka baridi mahali pake.

Ulaya imeshika njia nyingine. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinasema kwamba mayai ya daraja la A hayataoshwa wala kusafishwa, kabla ya kupangwa wala baada yake, wala hayatapozwa chini ya nyuzi 5. Uswidi, iliyokuwa na mazoea ya kuosha tangu zamani, ilipewa ruhusa ya pekee. Hoja za Ulaya ni mbili. Moja ni kuuhifadhi utando. Ya pili, ambayo aghalabu haitajwi nayo ina uzito mkubwa, ni kwamba mfugaji akijua hana maji ya kumfichia uchafu atalazimika kukitunza kiota, ilhali mwenye mashine ya kuoshea huenda akazoea kuokota mayai machafu na kuona hapana neno. Tena yai lililopozwa sana likitolewa mahali pa joto hutoa jasho, na jasho hilo ni maji juu ya ganda.

Habari za Uingereza zinafunza zaidi. Desemba 1988, Edwina Currie, naibu waziri katika wizara ya afya, alitamka kwamba sehemu kubwa ya mayai ya nchi hiyo yamepatwa na Salmonela. Biashara ya mayai ikaanguka, naye akajiuzulu. Dawa iliyokuja kufaa haikuwa maji. Tangu mwaka 1998 kuku wa mashamba yaliyojiunga na mpango wa alama ya simba wamekuwa wakichanjwa, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya Uingereza ikatangaza kwamba mayai yenye alama hiyo yanaweza kuliwa yakiwa hayajaiva sawasawa hata na wajawazito na watoto wadogo. Vita hivyo vilipiganwa ndani ya mwili wa kuku, na mayai hayakuoshwa. Kwa upande mwingine Wajapani, ambao hula yai bichi juu ya wali, huyaosha mayai yao na kuyauza kwa muda mfupi uliopangwa. Basi njia zote mbili zimefaulu, kila moja kwa sharti lake, na hatari ni kushika nusu ya hii na nusu ya ile.

Ndoo, Pampu na Brashi

Chombo kilichoenea zaidi ni hiyo ndoo ya mapovu. Mayai hutiwa katika kikapu cha plastiki, kikapu kikazamishwa katika maji ya moto kiasi, na hewa inayotoka katika matundu ya bomba lililolazwa chini huyatikisa maji na kuyazungusha mayai polepole, mpaka uchafu ulegee. Wapo wanaotumia mota ya mashine kuukuu ya kufulia kuzungusha brashi laini juu ya mayai yanayobingirika, na wapo walioweka vinyunyizio juu ya fito zinazozunguka, ili yai lioshwe likipita bila ya kuzama.

Watetezi wa vyombo hivi wana hoja ambazo haifai kuzidharau. Mfugaji asiye na fedha za kununua mashine ya kiwandani, ambaye kila siku ana mayai mia mbili ya kushughulikia, hupoteza saa nyingi akiyapangusa moja moja, na mkono uliochoka huvunja. Mnunuzi naye huchagua kwa macho. Yai lenye alama ya kinyesi hurudishwa au hupunguziwa bei, ijapokuwa ndani ni zima. Na kinyesi juu ya ganda si suala la uzuri tu, kwa kuwa mpishi hulishika yai kisha akakata kachumbari kwa mikono ile ile. Fauka ya hayo, ndoo ya mapovu huyatikisa mayai kwa upole, kwa hiyo nyufa huwa chache kuliko za brashi isiyopimwa vizuri.

Udhaifu wake, hata hivyo, umo katika kile kile kinachosifiwa, yaani kuyaacha mayai majini robo saa na zaidi. Tufuatilie linalotokea. Mkulima hutia maji ya nyuzi 43, akazamisha mayai ya nyuzi 28. Dakika za mwanzo mambo ni salama, maana vilivyomo yaini vinapata joto, vinatanuka na kusukuma kwenda nje. Dakika zikipita, yai huanza kulifikia joto la maji. Na kwa kuwa ndoo haina cha kuyapasha moto, na pampu inapuliza humo hewa ya nje, maji yenyewe yanapoa. Yai likipoa pamoja nayo huanza kunywea, na linachokivuta ni mchuzi wa kinyesi cha mayai yote yaliyomo. Kisha mkulima hulitoa na kulisuuza kwa maji ya bomba yaliyo baridi, akidhani anakamilisha usafi, kumbe amefanya lile lililofanywa na Haines na Moran kwa makusudi katika majaribio yao. Kikapu cha pili na cha tatu vikiingia katika maji yale yale, hali huzidi kuwa mbaya. Ndiyo maana kanuni za wizara ya kilimo ya Marekani, zinazolazimisha kuosha, zinakataza mashine za kuzamisha. Ndoo inayosifiwa kuwa ni ya Kimarekani isingeruhusiwa katika kiwanda cha Kimarekani chenye kutoa mayai ya daraja.

Kuna pia suala la nyuzi ambalo watu wa nchi za joto hawana budi kulihesabu upya. Nyuzi 32 zilizotajwa katika kanuni ni kiwango cha chini kabisa, kinachofaa yai lililokwisha kupoa. Mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, yai lililokaa katika banda lina nyuzi 30, na ukiongeza zile 11 unapata 41. Yai lililookotwa papo hapo, ambalo bado lina nyuzi 38, lingehitaji maji ya moto zaidi, ya nyuzi 49. Heri liachwe lipoe kwanza. Kipima joto, basi, si pambo la chombo hiki, na mwenye kupima kwa kiwiko cha mkono anabahatisha.

Vitu vinavyotumiwa navyo vina hukumu yao. Pipa la chuma lililoshika kutu halifai, wala maji ya kisima yanayoacha wekundu katika ndoo, kwa sababu chuma kikipenya hadi kwenye ute huiondolea nguvu ile protini inayowanyima bakteria riziki yao, na bakteria wa majini wa jamii ya Pseudomonas, wenye kuozesha mayai, hupata nafasi. Plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu ni bora. Ama umeme wa kupasha maji uliofungwa kwa mikono isiyo na ujuzi, juu ya sakafu iliyolowa, huo ni hatari kwa roho ya mtu kabla ya kuwa hatari kwa yai, na mtu asiuguse bila fundi aliyeweka swichi ya kukata umeme unapovuja.

Kuhusu dawa maneno ni machache. Sabuni yenye manukato haifai, kwa kuwa harufu hupita vitunduni. Siki hula chokaa ya ganda. Dawa ya kung'arishia nguo iliyo na klorini asilimia 3.5 hufaa katika maji safi ya kusuuzia, kiasi cha mililita 57 kwa lita 20, ambacho hutoa sehemu 100 katika milioni; ikitiwa katika maji yaliyokwisha chafuka humezwa na uchafu wenyewe ikabaki harufu tu. Wala isichanganywe na siki au ndimu kwa hali yoyote, maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Wasiotaka Maji Kabisa

Kundi la pili hulisafisha yai likiwa kavu: kwa dodoki kavu, kwa msasa laini, au kwa ukucha wa kidole gumba pale doa lilipo dogo. Fadhila ya njia hii ni kwamba hairuhusu unyevu, ambao ndio chombo cha kuwasafirisha bakteria, na sehemu ya ganda isiyoguswa hubaki na utando wake. Lakini nayo haikosi kasoro. Msasa ukisuguliwa juu ya yai zima huondoa utando sawa na maji, huacha vumbi la kinyesi katika vitundu, na huchosha. Tena haufui dafu kwa yai lililotapakaa tope au kiini cha jenzake lililovunjika.

Kati ya makundi haya mawili kuna desturi ya tatu isiyo na mtetezi hata mmoja, nayo ndiyo inayomjia mtu kwa wepesi: kitambaa kilicholowa maji baridi, kinachopita juu ya trei nzima, kikikamuliwa na kurudiwa. Hii inakusanya madhara ya pande zote. Huondoa utando, hupoza yai, hubeba uchafu wa yai moja na kuupaka ishirini mengine, kisha mayai hurudishwa katika trei yakiwa yamelowa. Afadhali mara kadha wa kadha yai lenye doa kavu.

Mizani

Yatubidi sasa kuiangalia safari ya yai la kwetu. Hupangwa katika trei za 30, hufungwa juu ya baiskeli au pikipiki, hukaa dukani juu ya kaunta au kibarazani katika joto la nyuzi 28 hadi 32, na huenda likakaa hivyo wiki mbili. Majokofu ni machache, na palipo na jokofu umeme hukatika. Kwa yai la safari hiyo, utando ndio mlinzi wa kwanza na wala hapana wa kushika zamu yake. Kuliosha ni kuchukua sehemu moja ya mpango wa Kimarekani na kuiacha ile iliyokusudiwa kuufidia utando. Hapa nawaunga mkono wasiotaka maji, bila kusita.

Iko hoja inayostahili kujibiwa: kwamba watu wetu hulipika yai likaiva, liwe la kuchemsha la mchuuzi wa njiani au chipsi mayai, na moto humaliza yote. Ni kweli kwa sehemu kubwa, nayo ni neema ya mapishi yetu. Ila moto hauliokoi yai lililokwisha kuoza dukani, hausafishi mikono ya mpishi, na hauwafikii wanaokoroga yai bichi katika maziwa kwa kuamini kwamba huongeza nguvu.

Nafasi ya kuosha ipo, nayo ni finyu: ni kwa mfugaji mwenye jokofu lisilozimika, anayeiuzia hoteli au nyumba zenye majokofu, na mayai yake huliwa katika siku chache. Huyo namshauri aiache ndoo ya kulowamisha, achukue chombo cha kunyunyizia, ambacho hakizidi sana gharama. Maji yatiririke yaende zake yasirudi. Joto lao lipimwe kwa kila trei. Maji ya kusuuzia yazidi kidogo yale ya kuoshea. Na mayai yakauke kabisa kabla ya kuingia baridini. Akiwa hana ila ndoo, basi aoshe trei moja moja kwa dakika mbili tatu, na maji yamwagwe kila baada ya trei. Kazi hiyo ikimwelemea, hiyo ni dalili kwamba mayai machafu yamezidi, na mayai machafu yakizidi tatizo liko bandani.

Mambo ya Kiotani

Kwa hakika sehemu kubwa ya mayai machafu yangeepukika. Kuku wanne au watano wapate kiota kimoja. Viota vikipungua, kuku hutaga sakafuni. Viota viwekwe penye kivuli, kwa kimo kilicho chini kuliko mahali pa kulala kuku, maana kuku hupenda kulala juu zaidi, na akilala kiotani huacha humo kinyesi cha usiku kucha; mlango wa kiota ufungwe jioni. Maranda makavu au pumba za mpunga zibadilishwe kabla hazijanuka. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mayai hutagwa kabla ya adhuhuri, kuokota mara tatu kwa siku, mara mbili kati ya hizo ziwe asubuhi, hupunguza uchafu na mivunjiko pamoja. Kinyesi cha majimaji hutokana na chumvi nyingi katika chakula, minyoo au maradhi, na hicho hutibiwa kwa kuku mwenyewe. Fundi seremala wa kijijini aweza pia kuunda kiota chenye sakafu ya mteremko mdogo, ambacho yai likitagwa hubingirika taratibu kwenda katika kisanduku cha nyuma, asilikanyage kuku yeyote. Na mwenye kipaji cha kujiundia vyombo atapata hapa faida kubwa kuliko ile ya kuunda ndoo ya mapovu.

Yatakayobaki machafu yatengwe mapema. Yenye doa dogo yasuguliwe kavu mahali pa doa tu. Yaliyotapakaa yasiuzwe, yaliwe nyumbani siku ile ile yakiwa yameiva barabara, wala yasiwekewe kuku wa kuatamia, kwa maana hayo ndiyo aghalabu yatokayo viza. Na mfugaji aliyeamua kuosha asiyachanganye yaliyooshwa na yasiyooshwa katika trei moja, ila amwambie mnunuzi waziwazi kwamba haya yameoshwa na yanataka jokofu tangu leo, ili mnunuzi asiye nalo apate kuchagua mengine.